Nimemuita Aisha

Baba Sonia,

Bugali na sombe viko jikoni. Sonia asiende mutoni peke yake.

Ulipokwenda shamba asubuhi, mutoto wetu muchanga alianza kupumua kwa shida. Akakataa ziwa, na midomo ikabadilika rangi. Mama yangu akamupakata, akaniuliza, “Anaitwa nani, nimuombee?” Na mimi na wewe tungali tunabishana juu ya jina lake.

Najua ulichosema. Aisha wamejaa hapa Kasongo, ukiita mumoja sokoni wanageuka wote, na kanisani kwenu watakuuliza kwa nini hukumuita Sarah-Grâce. Ni kweli. Lakini Aisha maana yake ni anayeishi, na hao wote wanaogeuka wako wazima. Basi nikamwambia mama, “Anaitwa Aisha.”

~~Ukitaka tutabadilisha.~~ Hapana, tusibadilishe. Anaitikia.

Pikipiki iko mulangoni, tunakwenda hospitali. Bado anapumua. Tuletee blanketi nzito, usikawie, na usije umekasirika.

Ukifika, ulizia Aisha. Wakikuuliza Aisha gani, kwa sababu ni wengi, waambie ni wako.

Mama Sonia