Abiria wa Upande Gani

Lunyo,
9 Septemba 1967

Kwa kaka yangu mpendwa Cornelius,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini kikohozi cha wifi kimepoa na kazi ya kiwandani huko Jinja inakwenda vizuri. Sisi hatujambo. Mama amemaliza kupalilia mtama, na kila siku anauliza kama umeandika.

Utashangaa kuona barua imetoka Lunyo badala ya Busia. Nitakueleza, ila nianzie mbali kidogo.

Unalijua lile shirika la mabasi uliloniombea kazi ya ukarani kwa meneja, Bwana Oundo. Mabasi yake mawili hutoka Busia ya Kenya hadi Tororo, na madiwani wa pande zote mbili ndio wanaochanga fedha za kuyaendesha. Mwaka huu waligombana. Mzee Odoi wa Tororo alisema abiria wengi ni Wakenya, kwa hiyo Kenya itoe zaidi. Mzee Mangeni wa Busia ya Kenya akajibu kwamba wanaojaza viti ni Waganda, na meneja mwenyewe ni Mganda. Wakaapa kwamba Agosti ikiisha bila jibu, mabasi yataegeshwa.

Bwana Oundo akanituma nipande basi wiki tatu, nimuulize kila abiria ni wa upande gani.

Kaka, sijawahi kupata kazi iliyonipendeza hivyo. Benedeta, muuza samaki, alisema analala Kenya lakini shamba lake na kaburi la mumewe viko Uganda, akaniuliza mimi ningemweka wapi. Mchimba dhahabu mmoja wa Tiira alisema alizaliwa kabla baba yake hajaonyeshwa mpaka uko wapi. Mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mtoto hospitali Tororo alinikasirikia: "Wewe andika mtoto mgonjwa!" Nikawa nauliza zaidi ya nilivyotumwa: wameoa wapi, wanalipa kodi wapi, wanataka kuzikwa wapi. Daftari likajaa, na fomu niliyopewa niijaze ilikuwa na safu mbili tu, Kenya na Uganda.

Sasa nisikufiche. Siku ya kupeleka fomu, zaidi ya nusu ya abiria sikujua niwaweke wapi. Niliogopa mabasi yasije yakaegeshwa. Nikawagawa mwenyewe, nusu huku, nusu kule, nikatia sahihi kwamba ndivyo walivyosema. Madiwani wakakubali kuchanga sawasawa, wakanipigia makofi.

Makofi yale yalininyima raha. Baada ya siku nne nilimweleza Bwana Oundo. Hakufoka. Alinipeleka mbele ya madiwani, nikasema tena, kisha nikawasomea daftari. Nilipofika kwa Benedeta, Mzee Mangeni alisema huyo ni dada wa mkewe, na hata yeye hajui ni wa wapi. Wakaacha mchango ubaki sawa kwa mwaka mmoja. Halafu wakapiga kura kunifukuza kwa kusema uongo. Odoi na Mangeni walinyoosha mikono pamoja, na sikuwahi kuwaona wakiafikiana upesi hivyo.

Najua ulinidhamini, kaka, na jina lako limeguswa. Nisamehe. Ndiyo maana nimerudi hapa Lunyo kwa Mama, naye bado hajui sababu. Nilitaka wewe usikie kwanza, kutoka kwangu.

Msalimie wifi na watoto. Mkija Krismasi, pandeni basi letu pale Tororo. Linatoka kila asubuhi.

Ni mimi ndugu yako,
Truphena Nasirumbi