Kompyuta na Posa ya Twaha

Jumamosi, 3 Februari 2018
Nimepangusa bodi kuu ya kompyuta ninayoiunda kwa brashi kavu. Vumbi la miaka. Ilikuwa ya ofisi fulani Kasese, nimeipata na prosesa yake. Pini moja ilikuwa imepinda, nimeinyoosha kwa sindano ya Mama. Kasha nimelikata kutoka kabati la chuma lililotupwa. Bado kadi ya grafiki. Bila hiyo mchezo wa mpira hautembei, unarukaruka.

Kaka yangu Twaha alisimama mlangoni akitafuna mkate. "Umeme ikikuua, tunakuzika na hiyo sanduku." Akacheka peke yake.

Viatu vyangu vilikuwa vyake. Godoro lilikuwa lake. Nataka kitu kimoja ndani ya nyumba hii kiwe changu tangu mwanzo.

Jumanne, 6 Februari
Siku ya soko, Mpondwe. Kadi imepatikana kwa Mkongomani mmoja, juu ya turubai, kati ya chaja na redio. Ndogo, haihitaji waya wake wa umeme. "Mutoto, iko muzima. Ikikufa, unirudishia." Nikamwuliza nitampata wapi. "Congo. Kila mutu ananijua."

Nimeinunua. Nimemchukia njia nzima hadi nyumbani Bwera.

Ijumaa, 9 Februari
Feni inazunguka, skrini nyeusi. Nimetoa kila kitu na kuanza upya, kipande kimoja baada ya kingine. Ramu, kile kipande cha kumbukumbu, nimeisugua kwa kifutio cha penseli. Nyeusi.

Wakati wa kula Twaha alimwambia Baba kwamba mimi ni mzigo. Baba aliendelea kula.

Alhamisi, 15 Februari
Tatizo ni pawasaplai, kisanduku cha kugawa umeme ndani. Ilikuwa dhaifu, haikuweza kuibeba kadi. Nimebadilisha kwa kubwa zaidi na mashine imewaka.

Mchezo unatembea laini kama maji. Nimeandika jina langu kwenye timu. Nimelia. Mama aliuliza, nikasema vumbi.

Jumamosi, 17 Februari
Twaha anaposa. Kesho watu wa Hadija, msichana anayemtaka, wanatoka Kasese kuja kuiona nyumba yetu. Baba ameagiza kompyuta iwekwe sebuleni, wageni waone kwamba hapa kuna kijana aliyesoma. Hajawahi kunitaja hivyo. Nimepangusa kasha mara mbili. Nimefurahi kama mjinga.

Jumapili, 18 Februari
Walikuja. Anayewaongoza ni Mzee Isa, mjomba wa Hadija. Kaka yake Hadija, Rashidi, alikaa mbele ya mashine na vidole vya pilau. Alicheza hadi chai ikapoa. "Chombo safi hii," akasema.

Nikajibu kama tulivyofunzwa tangu utoto. Mgeni akisifu kikombe chako, mkeka wako, hata mtoto wako, unamwambia, "Karibu, ni yenu." Kila mtu husema. Hakuna anayechukua.

Mzee Isa aliacha kutafuna. Alinitazama. Kisha akarudi kwenye nyama yake.

Jumamosi, 24 Februari
Baba na wazee walikwenda Kasese kumaliza mambo ya mahari. Wamerudi baada ya magharibi. Baba alinieleza akiwa amesimama.

Mbuzi walikubaliwa. Vitambaa vilikubaliwa. Halafu Mzee Isa akauliza zawadi ya kaka wa bibi harusi iko wapi. Baba akataja jogoo na kanzu.

"Jogoo ya nini? Mutoto yako alisema mbele ya watu, ni yenu. Ama kwenu neno haina uzito?"

Baba angeweza kusema ilikuwa adabu tu. Lakini hapo wangeuliza ni maneno gani mengine ya nyumba hii ambayo ni adabu tu, na posa yenyewe ilikuwa bado mezani. Akasema sawa.

Nilimwambia Baba si yeye aliyeiunda. Akasema, "Mdomo ilikuwa ya nani?"

Twaha hakucheka. Afadhali angecheka. Alinipiga begani. "Utaunda ingine. Si unajua?"

Jumatatu, 26 Februari
Nilikaa na bisibisi juu ya bodi. Mkwaruzo mmoja chini ya prosesa, hakuna ambaye angejua. Nilitaka sana. Nilimwona Rashidi mbele ya skrini nyeusi na nikapata raha.

Lakini ikifa wataita fundi, na fundi ni mimi. Ningetumwa Kasese kila wiki kuitengeneza, bure, kwa kuwa sasa ni ndugu.

Nimerudisha mfuniko.

Jumamosi, 3 Machi
Niliipakata garini mpaka Kasese. Niliiunganisha sebuleni kwao, watu wakitazama. Rashidi akauliza inawashiwa wapi. Kisha akaona timu. "Shemeji, toa jina yako, weka yangu."

Nimefuta jina langu kwa mkono wangu. Nikaandika la kwake, naye akanisahihisha herufi.

Anacheza vibaya. Pedi ya pili ya kuchezea alimpa jirani. Mimi nilipewa chai. Mzee Isa aliniambia mimi ni kijana mwenye heshima, wengine wangeleta maneno. Nilimshukuru. Namchukia kuliko Rashidi, na Baba namchukia kuliko wote wawili.

Jumapili, 11 Machi
Hadija sasa yuko kwetu. Leo amepika yeye.

Chumba changu kimeingizwa magunia ya kahawa ya Baba hadi dirishani. Meza niliyoiundia kompyuta iko chumbani kwa Twaha, Hadija anaweka vioo na mafuta yake juu yake.

Wakati wa kula alisema mama yake anashukuru. Rashidi alikuwa hashindi nyumbani, siku hizi hatoki. Wote walinigeukia, wakingoja.

Nilisema ni vizuri. Baba akanisogezea bakuli la mchuzi, kwanza mimi, kabla ya Twaha.

Nikajipakulia.