Mate Yangu Katika Kikopo cha Dada

Kasaji

Mujukuu wangu Ilunga,

Nakusalimu, tata. Tuko wazima, na shangazi yako amejifungua binti. Unauliza kama ubape mate ya kupima kifua kikuu, na damu ya ukimwi, bale baganga ba hospitali banaokuja kwenye kambi yenu ya bachimbaji pale Mashamba, maana banaandika majina. Hata mi ningebashuku.

Zamani, mi na dada yangu Kapinga tuliuza chakula mulangoni pa mugodi. Kapinga akaanza kukohoa. Muganga mumoja mwanamuke akamupa kikopo ateme mate. Nikawaza: bakiona ugonjwa, batatukataza kuuza. Basi nikatema mi, nikamurudishia muganga kikopo.

Siku ya majibu akasema, "Kapinga, mate yako ni mazuri." Dada akakohoa palepale. Muganga akaniangalia mi.

"Mama, yale mate yalikuwa ya nani?"

Nikamuuliza nami, "Na majina munayapeleka kwa nani?"

Akanifungulia daftari. "Kwa daktari tu. Bakubwa ba mugodi habayaoni."

Sikumuamini. Lakini Kapinga, kwa kuchoka kukohoa, akachukua kikopo kingine mwenyewe. Ilikuwa kifua kikuu. Alimeza dawa miezi mingi, akapona. Mutoto wangu, aliyelala naye kila siku, alipimwa pia, akapewa dawa ya kumukinga.

Yule mutoto ni baba yako.

Baulize bale baganga, Ilunga, baulize mpaka bachoke. Kisha toa mate yako mwenyewe, na damu.

Mi nkambo wako,
Mujinga