Aliyeazimwa Moto Ndiye Anunuaye Pai

Mpendwa Bi Thelma, nakuandikia nikiwa jikoni, na chini ya meza, karibu na miguu yangu, kuna betri ya pikapu ya mume wangu imefunikwa blanketi, naomba unisaidie kabla sijafungua kinywa mbele ya watu wasiostahili kusikia.

Mimi ni mke wa Orest, watoto wetu wameshahamia Calgary, na tangu goti langu liharibike siwezi kupanda ile pikapu yake, ambayo ukisimama kando yake unaona tairi tu, basi kila nikitaka kwenda mazoezi ya kwaya au kununua uzi wa kufumia ni lazima anipandishe yeye, ananishika kiuno ananisukuma ndani kama gunia la viazi, na akiwa na shughuli zake siendi, nabaki dirishani natazama theluji. Sasa Ingeborg, mpiga kinanda wetu wa kanisani, anahamia kwa binti yake Victoria, kule ambako mvua ndiyo wanaiita baridi, na anauza kigari chake cha Kiitaliano kilichotumika, kile cha mviringo cha rangi ya ndimu, ambacho wenyewe walikitengenezea vichochoro vya kwao wala hawakutuwazia sisi. Nilipoingia ndani yake sikupanda wala sikusukumwa, nilikaa tu, Bi Thelma, kama mtu anavyokaa kitini kwake, na sikufichi, nililia.

Orest alicheka mpaka akakohoa. Alisema hilo si gari bali kiatu, na Januari ikikaza kitakufa hapohapo uani. Tukakubaliana Ingeborg atuachie tukijaribu, kisha tumpe jibu kabla hajafunga mizigo.

Ukuta wetu wa nje una soketi moja ya umeme, na kila jioni baada ya chakula Orest huchomeka waya wa pikapu yake ili injini ilale na joto, kama afanyavyo kila mtu huku. Jioni ile redio ilipotangaza baridi ya kutisha nilitoka kumwaga maganda, nikakiona kigari cha watu kimesimama peke yake na waya wake unaning'inia puani, nikakionea huruma, mgeni ni mgeni, nikachomoa wa pikapu nikachomeka wake, na alfajiri nikarudisha kama ulivyokuwa, maana Orest mwenyewe husema pikapu yake inaweza kuwaka hata ndani ya friza, kwa hiyo sikuona ubaya, na hili nalitaja kwa kupita tu.

Asubuhi pikapu ikasema ka, ka, ikanyamaza. Elewa kwamba Orest ndiye anayewaamshia watu magari mji mzima, kebo zake za kuunga betri kwa betri zinalala nyuma ya kiti, na tangu nimjue hajaazima moto kwa mtu. Alisimama pale kofia mkononi, masikio yanaiva. Nikawasha kigari, kikakohoa kidogo kikaitika, nikakisogeza pua kwa pua, tukaunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi mahali pake, na kiatu kikaliamsha jitu. Orest akakunja kebo polepole, akachungulia barabarani, akaniambia, "Mama Danylo, hili liishie hapahapa. Lloyd wa jirani asijue. Niapie." Nikamwapia, maana alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Mchana nikajiendesha mwenyewe hadi mkahawani kwa Verla, nina raha zangu, meza ya kahawa imejaa wazee walewale, na kabla sijavua glavu Lloyd jirani yetu akaniambia, "Pole, shemeji. Tumesikia mzee kakuazima moto asubuhi. Kiatu kiliganda, ee?" Nikamtazama Orest. Orest alikuwa anakitazama kikombe kana kwamba kuna samaki ndani. Na desturi yetu unaijua, aliyeazimwa moto ndiye anunuaye pai, wote wakawa wananingoja, basi nikanunua. Orest akaila, Bi Thelma. Pai ya saskatoon, yale matunda madogo ya zambarau ya huku kwetu, na krimu juu, akalamba mpaka uma.

Tangu hapo anasema mji mzima umeshajua kwamba kigari hakiwezi baridi, tuachane nacho. Ingeborg hanisalimii, anaamini mimi ndiye ninayemchafulia gari asipate mnunuzi. Na Orest mwenyewe hana amani, ameing'oa betri ameileta jikoni ipate joto, anaipima, juzi nimemsikia akiisemesha. Je, nivunje kiapo, au ninyamaze nirudi kuwa gunia?

Ni mimi,
Niliyenunua Pai Isiyonihusu, karibu na Yorkton

*

Mnunua Pai wangu,

Pole na goti. Pole na pai. Pole zimekwisha, sasa tuambizane.

Mumeo amekosa, wala sitamtafutia blanketi kama lile la betri. Mwosha huoshwa, na anayewaamshia wenzake magari iko siku lake litalala. Hiyo haikuwa aibu hata kidogo. Aibu ni kugeuza habari juu chini, kisha kukaa mbele ya mkeo na kula pai ya uongo. Angalau angekataa krimu.

Lakini wewe nawe! Umenifichia mwiba katikati ya barua, ukasema unapita tu. Nilipofika pale niliweka miwani chini. Ulichomoa waya wa pikapu katika baridi ya kupasua misumari, ukampa mgeni joto la mwenye nyumba, alfajiri ukafuta nyayo, halafu unanishtakia kwamba mzee anaisemesha betri? Asiisemeshe kwa nini? Anaamini ililala na joto usiku kucha na bado ikamwangusha. Anadhani pikapu yake imezeeka, na mwanamume wa umri wake akianza kuwaza hivyo kuhusu pikapu, mawazo hayaishii kwenye pikapu.

Kwa hiyo jioni ya leo mkalishe hapo mezani, betri ikisikiliza, umwambie habari ya waya. Usianze na pai. Atanuna, mwache anune, mwongezee supu ya bitiruti. Akishapata nafuu ya kujua pikapu yake ni nzima, mwambie hivi na usiongeze neno: "Nilikunyima moto, nikakuazima moto, na pai nikanunua mimi." Hesabu aifanye mwenyewe.

Kesho mwite fundi umeme afunge soketi ya pili. Kigari chako, nisamehe, bado hakijafanya mtihani, kilishinda kwa joto la mwenzake. Magari yote mawili yalale yamechomekwa, na asubuhi yenye baridi kali ukiwashe kigari mbele ya Orest. Kikiitika, mpelekee fundi magari akichungulie chini, maana chumvi ya barabarani hula chuma kimyakimya. Kipe betri mpya na matairi ya theluji yote manne, mtu akikwambia mawili yanatosha mwonyeshe mlango. Hita yake ijaribu ukiwa umevua glavu. Na baada ya dhoruba usikipeleke barabara za mashambani, tumbo lake liko chini, kitaatamia theluji kama kuku. Ukiyakubali hayo, kinunue. Gari unaloingia kwa miguu yako mwenyewe usiliache liende Victoria.

Kiapo chako usikivunje. Nenda kwa Verla, Ingeborg awepo, Lloyd awepo, na Orest aagize pai kwa sauti yake mwenyewe, akuwekee wewe mbele yako. Basi. Watu wa meza ile hawajui mengi, lakini nani anamnunulia nani pai na kwa sababu gani, hilo wanalijua tangu utoto. Hakuna atakayehitaji kueleza kitu, na jina la gari la Ingeborg litasafishwa palepale lilipochafuliwa. Nawe, kwa ajili ya ule waya, omba uma wa pili, mle pamoja.

Sasa neno la mwisho, na hili hukuniuliza. Umeandika kwamba anakushika kiuno na kukusukuma ndani ya pikapu kila safari. Hukuandika kwamba amewahi kulalamika. Mtu huyo huwaazima moto watu wote wa mji na humpandisha mkewe garini, na sasa kigari cha rangi ya ndimu kimekuja kumnyang'anya kazi zote mbili katika wiki moja. Mimi nadhani haogopi kwamba kitakufa uani. Anaogopa kitawaka kila asubuhi.

Kwa hiyo nunua kigari chako, uende kwaya utakavyo. Lakini mara mojamoja, hata kama huna unakokwenda, simama kando ya lile tairi umwambie goti linakusumbua.

Bi Thelma