Maksai Mwekundu Anakungoja

Somanda, Bariadi
16 Novemba 2025

Mpendwa kaka Masele,

Shikamoo, na mwangaluka kama huko kumekucha. Hujambo? Lile goti limepona? Mimi, mama na mdogo wetu Salu tu wazima, ila bibi Ng'washi anakohoa tangu mvua zianze. Leo nimejiahidi kukueleza yote. Ukipiga simu baba huweka sauti kubwa na majirani husikia, kwa hiyo sote husema mambo ni mazuri.

Mambo si mazuri, kaka.

Unakumbuka ulipotuambia chuo chenu huko Marekani kimekuwa bingwa wa mpira wa kikapu, na wewe ndiye mfungaji bora? Baba alisimama mbele ya watu kule kwetu Kimali akamtaja yule maksai mwekundu, kwamba atachinjwa siku utakaposajiliwa na timu kubwa. Nawe unajua, kwetu ng'ombe aliyetajwa hivyo hafungwi tena nira. Mwezi Juni timu kubwa zilichagua wachezaji wapya, jina lako halikutoka. Baba anasema bado kuna majina mengine. Sasa wenzetu wamepanda pamba, na maksai mweupe amesimama bila mwenzake. Mwekundu ananenepa tu. Mama na Salu wanalima kwa jembe la mkono.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa nyumbani. Mzee Mboje, jirani yetu, alipita na plau lake akapaza sauti, "Mama Masele, huyo Mmarekani wako halimi? Au anangoja viza?" Watu wakacheka. Mama akamjibu, "Pita na wako. Huyu ana mkataba." Lakini alipoinama tena nilimwona anafuta macho.

Niliporudi shuleni nikamwuliza Mwalimu Nyanjige, anayetufundisha michezo, inakuwaje bingwa wa chuo asichukuliwe. Akasema vyuo ni vingi mno na nafasi ni chache. Tena chuoni ulifunga kwa sababu uliwazidi wote urefu chini ya kikapu. Kwa wanaolipwa, mtu wa kimo chako anatakiwa akimbie na mpira na afunge kwa mbali, na wanaosimama chini ya kikapu wanakupita urefu. Umri nao wanauangalia, na wewe una miaka ishirini na minne. Hapo nikakumbuka mnadani: anayenunua ndama hamtazami alivyo leo, anatazama atakavyokuwa.

Mwalimu alisema pia kwamba kukosa kule si kutojua kucheza. Ziko ligi nyingine, na unayo shahada yako ya mambo ya maji. Hilo nimelishika sana, maana kiangazi hiki tulifukua tena mchanga wa mtoni kupata ndoo moja.

Baba hatanisikiliza mimi wala mwalimu. Alimtaja ng'ombe kwa ajili yako, hatamrudisha shambani mpaka aambiwe na wewe. Jioni huenda zizini akampapasa mgongo.

Shangazi Anyesi, ninayekaa kwake hapa Somanda nikisoma, ataipiga picha barua hii akutumie. Nijibu kwa simu yake kwanza.

Bibi anakusalimu, Salu naye anauliza kama viatu vyako vya zamani vitamtosha. Mungu akulinde huko uliko, akupe moyo mwepesi.

Sisi tutakupokea hata bila ng'ombe wa kuchinja. Je, kaka, utampigia baba wewe mwenyewe umwambie ukweli, ili wiki hii mwekundu afungwe nira?

Mdogo wako akupendaye, uwe na jezi au usiwe nayo,
Dorkasi