Pesa za Kunirudisha Masisi

Majengo, Jumapili jioni. Mwaka wa ishirini na nane tangu tulipotoka Masisi.

Neno la Mama Furaha bado linanichoma.

Leo chama chetu, sisi watu wa kilima kimoja kule Masisi, kilikutana kuchangia robine, bomba la maji safi la mtaa. Maji ya ziwa tunayokunywa yamewalaza watoto wawili wa jirani yangu kwa kipindupindu. Hata hivyo kila mtu alitazama viatu vyake. Kwa matanga tunatoa haraka. Kwa maji safi, kila mmoja ana mwezi mbaya.

Nikasimama. Nikasema pesa nilizoweka chamani miaka yote, za kusafirisha maiti yangu nyumbani, ziende kwenye robine.

Mama Furaha, mtunza sanduku, akacheka. "Muzee, siku ukikufa tutakusukuma juu ya chukudu ya mbao mpaka Masisi, kama gunia la makala ya kupikia?"

"Munizike hapa hapa."

"Na mama yako kule, atalala peke yake?"

Mama yangu amelala karibu na chemchemi aliyokuwa akinituma kuteka maji nikiwa mdogo, na nafasi kando yake niliichagua mwenyewe.

Lakini neno langu sikulirudisha. Kisha Mama Furaha akafungua sanduku, akamwambia mwandishi wa chama: "Andika na zangu. Tutazikwa wote hapa, lakini muzee, huko chini usinichokeshe na hadithi zako."

Wakacheka, wakaanza kutoa mmoja mmoja.

Robine itapatikana. Watoto wa jirani watakunywa.

Mimi Masisi sitarudi.