Kitambaa Bado Hakijakatwa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Jumanne, 4 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Mchumba wako naye hajambo? Natumaini mnakula vizuri na kulala mapema, ingawa nakujua. Sisi wazima. Mama analalamikia goti. Siku asipolalamika ndipo tutakapopata wasiwasi.

Vipimo ulivyotuma kwa simu vilifika. Nilimsomea Baba, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi napima mtu, sipimi ujumbe." Kwa hiyo suti yako ya harusi bado ni kitambaa kilichokunjwa mezani, na ole wake atakayekiwekea kikombe cha chai.

Neno lako kwamba ni mbali mno kwa ruhusa ya siku tatu nalo nimelifikisha. Kwa kuwa ubishi wa nyumba hii hauishi bila ushahidi, nilikwenda kwa wakala wa tiketi. Ni kilomita elfu saba na ushei. Ndege ikinyoosha bila kutua, saa tisa na nusu. Baba akacheka. "Mbali ni kwa anayetembea. Yeye si atakaa kitini tu, analetewa chakula?" Mama akadakia kwamba kule kliniki anakalishwa karibu hivyo hivyo, na hapewi hata maji.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Baba alimkatia suruali jirani yetu mwalimu. Mguu mmoja ukatoka mfupi. Mwalimu alicheka, akasema ataivaa akipanda mlima. Baba hakucheka. Mkono wake wa kulia unatetemeka, mdogo wangu. Asubuhi hutulia, lakini jua likishapanda hata chaki humponyoka, na daktari anasema hali itazidi. Tangu siku hiyo anawarudisha wateja. Anasema imebaki kazi moja tu. Mimi si mtu wa kulia, lakini hapo nilitoka nje kuanua nguo ambazo sikuwa nimezianika.

Ndege moja kwa moja haipo. Ya haraka inaondoka Jumamosi alfajiri, inakufikisha hapa jioni. Nyingine inaondoka Ijumaa, inakulaza kwenye benchi la uwanja wa ugenini, na unafika Jumamosi saa moja asubuhi. Najua usivyopenda kusubiri. Lakini ukija na ile ya haraka, Baba atabakiwa na asubuhi moja tu, ya Jumapili, kabla hujaondoka, nayo haitoshi kukata na kukujaribisha. Mashine nitaikanyaga mimi mchana, naye atajifanya haoni. Kukata ni kwake. Chukua ya polepole.

Msalimie mchumba wako, na shangazi ukimpigia simu. Mungu akuangazie njia, angani na chini. Mama anakubusu.

Baba hakutuma salamu. Anasema atakusalimia futi ya kupimia ikiwa mkononi, kabla jua halijapanda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukibisha.